Namna ya Kuendesha Sola ya Nyumbani Umeme wa Gridi Unapokatika Unguja na Pemba

Umeme wa Unguja huvuka bahari ndani ya nyaya zilizolazwa chini ya maji, kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam hadi Fumba, na ule wa Pemba hutoka upande wa Tanga. Kwa sababu hiyo, hitilafu inayotokea bara au baharini inaweza kukiweka gizani kisiwa kizima hali nguzo na nyaya za mtaani ni nzima. Wakaazi wa Unguja walikaa takriban mwezi mzima bila ya umeme kuanzia Mei 2008, kisha wakakaa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na katika vipindi vyote viwili maji nayo yalikuwa shida, kwani pampu za visima huendeshwa na umeme huo huo. Pemba, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, iliungwa na gridi mwaka 2010, na waya wa pili wa Unguja wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Hata hivyo, kukatika kwa saa kadhaa, hasa wakati wa matengenezo na wa mvua za masika, ni jambo ambalo kila nyumba inapaswa kulipangia.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ambaye tayari ana sola au yumo katika kuifunga. Nyumba nyingi ambazo sola huzizimikia saa nne ya usiku hazina kifaa kibovu. Zina vifaa vizima vilivyopewa mzigo ambao hakuna aliyeukadiria. Kazi kubwa, kwa hiyo, ni kuamua mapema kitu gani kitawaka na kitu gani kitabaki kimezimwa, na uamuzi huo ufungwe katika nyaya za nyumba badala ya kuachiwa watu wanaopapasa gizani.

Ujue mfumo wako kabla ya kuhitaji msaada wake

Mifumo ya nyumbani iko ya namna tatu. Ya kwanza ni paneli na inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa paneli au wa betri uwe kama wa gridi) iliyoungwa na gridi bila ya betri. Mfumo huu hupunguza matumizi ya uniti za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) mchana, lakini gridi ikikatika nao huzimika papo hapo, hata kama ni saa sita mchana na jua linachoma bati. Huo si ubovu. Inveta ya aina hiyo imetengenezwa ijizime pale inapokosa umeme wa gridi, ili isipeleke umeme katika nyaya ambazo fundi wa Shirika la Umeme la Zanzibar (ZECO) anaamini kuwa hazina kitu. Namna ya pili ni sola inayojitegemea yenye paneli, chaji kontrola (kifaa kinachosimamia uchajiji wa betri), betri na inveta, ambayo haigusani na gridi hata kidogo. Ya tatu ni ya haibridi, ambayo inveta yake moja hupokea paneli, betri na gridi, na yenyewe huhamisha mzigo kwenda kwenye betri umeme unapokatika.

Asiyejua mfumo wake ni wa aina gani asisubiri giza limfundishe. Achague siku yenye jua, umeme ukiwepo, azime meni swichi ya gridi kwa robo saa na aangalie ni vitu gani vinaendelea kuwaka. Jaribio hilo lirudiwe usiku, kwa sababu mfumo unaofanya vizuri adhuhuri unaweza kuwa unaishi kwa paneli tu huku betri zake zimekwisha nguvu zamani.

Hapa pana onyo ambalo halina mjadala. Usiwahi kuingiza umeme wa inveta au wa jenereta ndani ya nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili kupitia soketi ya ukutani. Umeme huo hutoka nje kupitia mita, na transfoma ya mtaani, inayofanya kazi kwa pande zote mbili, huupandisha hadi maelfu ya volti kwenye laini ambayo huenda fundi ameishika mkononi. Isitoshe, gridi ikirudi ghafla inveta huungua. Njia ya halali ni swichi ya kubadilishia, ile ambayo mkono wake hauwezi kukaa kwenye gridi na kwenye sola kwa wakati mmoja, na iwe ya kukata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja. Anayetaka kuunga sola yake na gridi moja kwa moja aende kwanza ZECO akapate idhini. Na mkaazi wa Mji Mkongwe, kabla ya kupandisha paneli darini, aulize mamlaka inayosimamia hifadhi ya mji, kwani majengo yale yana masharti yake.

Tenga njia ya vitu vya lazima

Mwambie fundi akuwekee kisanduku kidogo cha pili cha breka, na ndani yake aingize njia zile tu ambazo sola itazilisha: taa za vyumba, ukumbi na njia ya chooni, feni za vyumba vya kulala, soketi moja ya ruta na ya kuchajia simu, na friji kama betri zinaitosha. Pasi, birika la umeme, hita ya maji ya kuogea, jiko la umeme na kiyoyozi vibaki katika kisanduku cha gridi, ili hata mgeni asiyejua chochote akichomeka pasi umeme ukiwa umekatika, asipate kitu.

Wengine huona huku ni kujinyima, wakisema birika huchemka kwa dakika tano tu. Ni kweli kwamba birika la wati 2,000 kwa dakika tano hula takriban wati-saa 167 (yaani wati zikizidishwa kwa saa za matumizi), kiasi ambacho kingewasha taa ya wati 9 kwa saa 18 na zaidi. Lakini tatizo kubwa zaidi ni kasi ya kuchota. Katika mfumo wa volti 12, wati 2,000 ni zaidi ya ampea 160 zinazopita katika waya wa betri, na waya mwembamba au skrubu iliyolegea hapo huanza kuyeyuka kabla ya chai kuiva. Kwa sababu hiyo hiyo, waya wa kutoka betri kwenda kwenye inveta uwe mnene na mfupi kadiri inavyowezekana, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri.

Friji inahitaji kauli yake peke yake. Ikishakimbia hula wati 100 hadi 150 tu, ila kompresa yake inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa muda mfupi sana, na inveta ndogo hulia na kujizima. Inveta ya kulishia friji au feni iwe ya kutoa wimbi safi kama la gridi. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi hufanya mota iungurume, ipate moto na ife mapema. Ama friza ya biashara, ile ya kuuzia barafu na juisi au ya kuhifadhia samaki, ni vyema isiingizwe katika sola ya nyumbani kabisa. Itahitaji mfumo wake uliopigiwa hesabu na mapato yake.

Hesabu ya usiku mmoja

Betri ni mtungi: kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia. Chukua nyumba ya kawaida ya Fuoni au ya Wete. Taa tano za wati 9 kwa saa tano ni wati-saa 225. Feni mbili za wati 55 kwa saa nane ni 880. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne ni 200, ruta ya wati 10 kwa saa kumi na mbili ni 120, na simu nne ni kama 60. Jumla ni wati-saa 1,485. Inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme inapougeuza. Ikikadiriwa asilimia 15, betri italazimika kutoa takriban 1,750.

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini inayotaka kuishi miaka isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 600. Nyumba hii basi inahitaji betri tatu za namna hiyo, na ziwe betri za sola zenyewe. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiikamua usiku kucha hufa baada ya muda mfupi. Betri ya lithiamu, ambayo huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, ingetosha ikiwa na takriban wati-saa 2,200. Bei yake ni kubwa mwanzoni. Hata hivyo, kwa nyumba inayopata kukatika mara kwa mara, kwa maoni yangu ndiyo yenye nafuu, maana betri ya risasi iliyoachwa nusu tupu siku baada ya siku huota chumvi ngumu katika bamba zake na haiponi.

Angalia tena hesabu ile: feni peke yake zimechukua zaidi ya nusu. Kwa hiyo anayetaka kurefusha usiku asihangaike na kuzima taa moja ya barazani; abadilishe feni. Feni za mota ya umeme mnyoofu (DC) hula kama nusu ya hizi, na pigo moja hilo linaokoa zaidi ya wati-saa 400 kila usiku. Katika joto la kaskazi, hasa Ramadhani ikiangukia miezi hiyo na watu wakawa macho tangu tarawehe hadi daku, feni hazitazimwa hata ukihimiza vipi, na ni bora hesabu ianze kwa kukubali jambo hilo.

Kwa upande wa paneli, paneli ya wati 200 haitoi wati 200 siku nzima. Kadiria saa tano za jua kamili kwa siku ya wazi, kisha upunguze karibu theluthi kwa ajili ya vumbi, nyaya na joto, kwani paneli iliyopata moto juu ya bati hutoa kidogo kuliko iliyo baridi. Hapo unapata takriban wati-saa 700 kwa paneli. Paneli tatu za namna hiyo hurudisha kilichotumika usiku na kufidia kinachopotea wakati wa kuchaji. Kama friji nayo itakimbia mchana, ongeza ya nne na ya tano.

Mpangilio wa inveta kabla ya masika

Jambo hili hupuuzwa mno na wenye mifumo ya haibridi. Inveta hizo huwa na mpangilio wa kuchagua ni chanzo kipi kitangulie. Mafundi wengi huziacha zitumie jua kwanza, betri pili na gridi mwisho, kwa nia njema ya kumpunguzia mteja gharama za uniti. Matokeo yake ni kwamba kila jioni betri hulisha nyumba ilhali gridi ipo, na umeme ukikatika saa tatu ya usiku hukuta betri zimeshafika katikati.

Miezi ambayo umeme unakatika mara kwa mara, au ukishatangaziwa matengenezo, badilisha mpangilio: jua litangulie, gridi ifuate, na betri ibaki akiba. Kama inveta yako hairuhusu hivyo, pandisha kile kiwango cha betri ambacho ikikifikia hurudi kwenye gridi, ili angalau robo tatu ya chaji ibaki. Uniti chache utakazolipa zaidi ndizo bima ya usiku wa giza. Wakati wa kusi, mvua zikiwa zimekwisha na umeme umetulia, unaweza kurudisha mpangilio wa zamani.

Umeme unapokatika

Kwanza hakikisha kwamba umekatika kwa wote. Tazama majirani, tazama mita kama uniti zimekwisha, tazama kama breka imeanguka. Si mara moja mtu amemaliza betri zake kwa kungojea umeme ambao kwa jirani ulikuwepo muda wote.

Mwenye haibridi hana la kugeuza, ila apite nyumbani azime visivyohitajika. Mwenye swichi ya mkono afuate utaratibu huu: azime breka zote za kisanduku cha sola, ageuze mkono wa swichi kutoka gridi kwenda sola, awashe inveta na aiache itulie kwa nusu dakika, kisha arudishe breka moja moja akianza na ya friji. Friji ianze ikiwa peke yake, kwa sababu mshtuko wa kompresa ukikuta feni na taa zimeshaelemea inveta ndipo mfumo mzima huzimika. Baada ya hapo aandike saa umeme ulipokatika na kiwango cha betri kilivyokuwa. Baada ya saa mbili aangalie tena; tofauti itamwambia kama atafika alfajiri.

Kwa betri ya risasi ya volti 12, kipimo cha volti 12.7 ikiwa imepumzika ni kujaa, na 12.2 ni takriban nusu. Betri iliyo kazini huonesha pungufu ya hali yake halisi, hivyo zima mzigo kwa muda kabla ya kupima. Lithiamu haisomeki kwa njia hii, kwa kuwa volti zake hubaki karibu pale pale hadi inapokaribia kwisha. Tegemea asilimia inayooneshwa na kipimo chake.

Umeme ukikawia siku kadhaa, kazi zote nzito zihamie mchana. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri paneli hutoa sehemu kubwa ya umeme wa siku, na betri ikishajaa, ziada yote hupotea bure. Huo ndio wakati wa kupandisha maji kwenye tangi, kuchaji simu na taa za mkononi na kugandisha chupa za maji. Chupa hizo, zikihamishiwa ndani ya friji jioni, huiwezesha friji kuzimwa usiku kucha bila ya chakula kuharibika. Friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa ikifungwa vizuri huchukua hadi siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Samaki na pweza wa kesho hawana haja ya kuliwa kwa pupa usiku ule ule. Nyumba yenye mgonjwa anayetumia insulini iipe friji nafasi ya kwanza, na televisheni izimwe.

Masika ni mtihani mwengine. Siku ya wingu zito paneli zinaweza kutoa chini ya robo ya kawaida, na siku tatu za namna hiyo mfululizo hazina betri ya nyumbani ya kuzivumilia kwa matumizi kamili. Punguza mapema, siku ya kwanza, kwa kubakisha taa, simu na feni moja. Mwenye jenereta ndogo aitumie kuchajia betri kwa saa chache za asubuhi, akiiweka nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu ndani ya chumba.

Usafi wa paneli nao una mchango wake. Wanaokaa pwani, Nungwi au Jambiani au Micheweni, hupata ukungu wa chumvi juu ya kioo na kutu katika viungo vya nyaya. Wanaokaa kando ya barabara za kifusi hupata vumbi jeupe. Osha asubuhi mapema kioo kikiwa baridi, kwa maji ya mvua na kitambaa laini, kwani maji ya visima vingi vya huku yana chokaa au chumvi inayoacha madoa. Usipande juu ya bati lenye unyevu, na usichomoe viungo vya paneli jua likiwaka, maana paneli huendelea kutoa umeme hata kila kitu ndani kikiwa kimezimwa. Kivuli pia kihesabiwe kwa mwaka mzima: kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kusini, na mnazi ambao Julai haukuwa na madhara unaweza Disemba kukatia paneli kivuli. Kuti moja tu juu ya pembe ya paneli linaweza kupunguza umeme wa safu nzima.

Betri zisiwekwe chini ya kitanda wala katika kabati lisilo na hewa. Za risasi hutoa gesi inayowaka zinapochaji, kwa hiyo sigara na chetezo cha udi vikae chumba chengine.

Umeme unaporudi

Usikimbilie. Umeme unaorudi baada ya kukatika kwa muda mrefu mara nyingi hupanda na kushuka, na huenda ukakatika tena ndani ya dakika chache. Subiri dakika kumi, pima volti kama una mita, ndipo uzime breka za sola, uzime inveta, ugeuze mkono wa swichi na urudishe njia moja moja. Friji iliyokuwa ikikimbia ipumzike dakika tano kabla ya kuwashwa tena, ili mgandamizo ndani ya kompresa ushuke. Kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha umeme hufanya kazi hiyo chenyewe, nacho ni rahisi kuliko kompresa mpya.

Kisha ziache betri za risasi zijae kabisa, jambo linaloweza kuchukua siku nzima ya jua au zaidi, bila ya kuziongezea mzigo wa usiku. Siku inayofuata kagua vichwa vya betri, kaza skrubu, futa unga wa kijani na upake grisi. Zile zenye vifuniko zikaguliwe maji yake na kuongezwa maji yaliyotoneshwa, si ya bomba. Ikiwa betri moja kati ya tatu inaonesha volti pungufu sana kuliko wenzake baada ya kujazwa, itenganishe na umwite fundi, kwa kuwa hiyo moja itawavuta wawili wazima.